NLP na magonjwa ya akili: maswali yanayoulizwa mara kwa mara Mtwara na Lindi

Maswali haya, tunayoyajibu sisi wa hospitali, yametoka kliniki, kwenye vikao vya familia za wagonjwa, na kwenye makundi ya WhatsApp ambako matangazo ya semina huanza kupita msimu wa korosho ukikaribia. Mengine yameunganishwa kwa kuwa yanauliza jambo lilelile. Majina ya watu na vijiji yameachwa. Mwenye mgonjwa nyumbani na haraka mkononi aanze na swali la sindano na lile la kujiua. Mengine yanasubiri.

NLP ni kitu gani hasa?

Ni mkusanyiko wa mbinu za kuzungumza, kusikiliza na kuwaza, ambazo wafuasi wake wanasema hubadili hisia na tabia za mtu kwa muda mfupi sana. Herufi hizo ni kifupi cha Kiingereza, neuro-linguistic programming. Wengine huiita kwa Kiswahili programu ya neva na lugha, ila mtaani herufi tatu ndizo zinazojulikana. Hoja yake ni kwamba kila mtu hujijengea picha ya dunia kichwani kwa kile anachoona, anachosikia na anachohisi mwilini, kisha huishi kwa kufuata picha hiyo. Ukiipanga upya picha, na ukabadili maneno anayojisemea, mtu naye hubadilika. Hakuna kipimo cha ubongo kinachofanyika, hakuna dawa, hakuna mashine. Ni watu wawili na viti viwili, au ukumbi wa hoteli wenye kipaza sauti.

Ilitoka wapi?

Marekani, miaka ya 1970. Richard Bandler alikuwa mwanafunzi na John Grinder alikuwa mwalimu wa isimu, wote katika Chuo Kikuu cha California kilichoko Santa Cruz. Walitaka kujua kwa nini baadhi ya watoa tiba hufanikiwa kuliko wenzao. Wakawachunguza watu watatu waliosifika: Fritz Perls, Virginia Satir na Milton Erickson, daktari wa akili aliyetumia hipnosi, yaani kumtuliza mtu kwa maneno hadi awe kama yuko nusu usingizini. Kitabu chao cha kwanza kilitoka mwaka 1975.

Nia yao haikuwa mbaya. Kumtazama fundi hodari akifanya kazi ni njia halali ya kujifunza. Kasoro ni kwamba baada ya kutazama walikimbilia kufundisha na kuuza, na kazi ya kupima kama mbinu zenyewe zinaponya ikaachiwa wengine. Baadaye waanzilishi waligombana hadi mahakamani kuhusu nani mwenye jina. Mwisho wa yote, jina likabaki bila mwenyewe: mtu yeyote anaweza kuitangaza, kuifundisha na kuitolea cheti.

Mtu akienda kwa mtaalamu wa NLP anafanyiwa nini?

Inategemea umemkuta nani, lakini mbinu nne hujirudia.

Ya kwanza ni kumwakisi mteja: ukiegemea naye anaegemea, ukiongea polepole naye anapunguza kasi, ili ujione uko na mwenzako. Ya pili ni kutia nanga. Unaambiwa ukumbuke siku uliyokuwa na furaha au ujasiri, na hisia zikifika kileleni unabonyeza kidole au kifundo cha mkono. Baadaye, wakati wa hofu, ukibonyeza palepale ile hali inatakiwa irudi. Ya tatu ni kulipa jambo sura mpya, kama vile kumwambia aliyefukuzwa kazi kwamba amepata nafasi ya kuanzisha chake. Ya nne ndiyo inayotangazwa sana kwa wenye hofu na kiwewe: unajiwazia umeketi ukumbini unaitazama filamu ya tukio lililokutisha, unaifanya ya rangi nyeusi na nyeupe, kisha unairudisha nyuma kwa kasi hadi mwanzo.

Hakuna la kutisha hapo, na watu wengi hutoka wakiwa wepesi. Wepesi huo una maelezo yake, tutayafikia.

Je, inatibu sonona, wasiwasi, kiwewe, skizofrenia?

Skizofrenia (ugonjwa wa kusikia sauti na kuamini yasiyokuwepo) na baipola (ugonjwa wa hisia kupanda mno na kushuka mno kwa vipindi), hapana kabisa. Sonona, yaani huzuni nzito isiyoondoka, na wasiwasi uliopitiliza, hakuna ushahidi wa kutosha wa kumshauri mgonjwa aitegemee, na ziko tiba nyingine zenye ushahidi. Kiwewe kina maelezo kidogo zaidi, angalia swali linalofuata.

Utafiti umesema nini? Au madaktari wanaionea wivu tu?

Imepimwa, tena kwa miaka mingi, na waliopima si madaktari wa hospitali peke yao.

Christopher Sharpley alipitia tafiti zilizokuwepo mwaka 1984, akarudia tena 1987. Alitazama dai kwamba kila mtu ana mlango wake mkuu wa kufikiri, mmoja wa kuona, mwingine wa kusikia, mwingine wa kuhisi, na kwamba ukizungumza naye kwa mlango huo atafunguka. Dai halikusimama. Mwaka 1988 kamati ya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani, iliyofanya kazi kwa ombi la jeshi la nchi hiyo, nayo haikuona ushahidi wa kisayansi wa kuiunga mkono. Jeshi lilikuwa linatafuta njia yoyote ya kuwaongezea askari uwezo. Lisingekataa kitu kinachofanya kazi kwa sababu ya wivu.

Mwaka 2010 mwanasaikolojia wa Poland, Tomasz Witkowski, alikusanya miaka 35 ya utafiti. Katika tafiti 33 alizozichambua, asilimia 18.2 ziliunga mkono misingi ya NLP, asilimia 54.5 hazikuunga mkono, na asilimia 27.3 hazikuonyesha upande. Miaka miwili baadaye kikundi cha Jackie Sturt, Uingereza, kilitafuta tafiti zilizopima afya ya watu moja kwa moja. Walizopata zenye vigezo zilikuwa 10 tu, na 5 kati ya hizo ndizo zilizogawa watu kwa bahati nasibu ili kuwalinganisha. Wakahitimisha kwamba ushahidi ni mdogo, na wakaongeza jambo la haki: uhaba huo unatokana na tafiti kuwa chache na dhaifu, haujathibitisha kwamba mbinu hizo haziwezi kamwe kumsaidia mtu.

Yapo pia matokeo yanayoegemea upande wa pili. Uchambuzi mmoja wa mwaka 2015 ulijumlisha tafiti 12 ukaona nafuu ya wastani, ingawa tafiti zenyewe zilikuwa ndogo na za ubora usiolingana. Na ipo tiba fupi ya kiwewe iliyochipuka kutoka kwenye ile mbinu ya filamu, imejaribiwa kwa wanajeshi wastaafu Marekani na matokeo ya awali yanatia moyo. Jackie Sturt yuleyule aliyesema ushahidi ni mdogo ameshiriki kuipima Uingereza. Hivyo ndivyo inavyotakiwa: mtu anapima kwanza, kisha anatangaza. Tiba hiyo ina hatua zake maalumu na watu waliofunzwa kuitoa. Mkufunzi wa semina ya siku mbili akikwambia ndiyo anayoitoa yeye, muulize alifunzwa wapi.

Jirani yangu Tandahimba alikuwa hali, halali. Akaenda semina ya NLP, sasa ni mzima. Mtaniambia nini?

Tutakwambia tunafurahi kuwa ni mzima. Halafu tutauliza alikwenda mwezi gani.

Swali hilo lina sababu. Mwisho wa kiangazi kwetu ndiyo miezi migumu. Akiba imekwisha, ada zinadaiwa, madeni ya salfa yapo, wenye mikopo ya kausha damu wanapita kila asubuhi, na wengine wameshauza korosho zikiwa bado juu ya mti kwa njia ya kangomba, kwa bei ya kutupa. Usingizi unakata. Moyo unakwenda mbio. Mtu wa namna hiyo akialikwa semina mwezi Septemba, atakwenda, kwa kuwa yuko pabaya kuliko wakati wowote. Oktoba minada inaanza, wiki chache baadaye malipo yanaingia, deni linapungua, watoto wanavaa viatu. Novemba ukimuuliza hali yake atasema: semina imenisaidia. Anasema kwa nia safi. Lakini hata jirani yake ambaye hakwenda semina yoyote, Novemba naye analala.

Watafiti wana tahadhari dhidi ya jambo hili. Watu huomba msaada wanapokuwa kwenye shimo, na kutoka shimoni njia iliyobaki mara nyingi ni kupanda. Sonona nyepesi na wasiwasi hupanda na kushuka hata bila tiba. Ndiyo maana huwezi kupima tiba kwa kumtazama aliyetibiwa pekee. Unahitaji kundi la pili, la watu walio na shida ileile, wakati uleule, ambao hawakupata tiba hiyo. Bila kundi la pili unapima msimu wa korosho.

Ongeza na haya: amesikilizwa na mtu asiyemkatiza, jambo ambalo huenda halijamtokea mwaka mzima. Amekaa na wenzake wenye shida kama yake akaona hayuko peke yake. Amelipa, na aliyelipa hutamani kuona faida. Ameambiwa kwa uhakika kwamba atapona, na matumaini yana nguvu za kweli kwenye usingizi na hamu ya kula. Yote hayo ni mambo mema. Ila hakuna hata moja linalohitaji jina la NLP, na mengi yanapatikana kwenye kikundi cha kuweka na kukopa chenye viongozi waaminifu.

Kama jirani amepata nafuu, usimkatishe tamaa. Usimpeleke tu mgonjwa wa skizofrenia kwa ushahidi wa jirani.

Naogopa kivuko cha Msangamkuu tangu chombo kilipotikisika nikiwa ndani. Wameniambia NLP huondoa hofu kwa dakika kumi. Kweli?

Hofu ya kitu kimoja ni miongoni mwa matatizo ya akili yanayotibika vizuri, na pengine ndiyo sababu kila mwenye mbinu hupenda kuonyesha uwezo wake hapo. Tiba iliyopimwa sana inaitwa kukabili hofu kwa hatua.

Siku ya kwanza unakwenda feri na mtu unayemwamini, mnakaa mnatazama chombo kikija na kuondoka mpaka mapigo ya moyo yashuke yenyewe. Msiondoke yakiwa juu, hapo ndipo penye siri. Siku nyingine unakanyaga chombo kikiwa kimefunga gati, kisha unashuka. Kisha unavuka na mwenzako bahari ikiwa shwari, halafu unavuka tena siku hiyohiyo. Mwisho unavuka peke yako. Mwili unajifunza kwa kukaa pale hadi hofu ichoke. Kila unapokimbia mapema, unaifundisha hofu kwamba ilikuwa sahihi.

Ile filamu ya kichwani nayo inakurudisha kwenye kumbukumbu ya tukio ukiwa umeketi salama, kwa hiyo ikimsaidia mtu fulani haishangazi. Ni binamu wa mbali wa tiba hii. Lakini atakayekwambia umepona kabla hujakanyaga kivuko, hajakupima. Na jambo moja la pembeni: kukiogopa chombo kilichojaa kupita kiasi ni akili timamu. Hofu hiyo baki nayo.

Ni kweli macho yakitazama juu kulia mtu anadanganya?

Hapana. Dai lenyewe linasema kwamba mtu anayetumia mkono wa kulia akitazama juu kuliani kwake anatunga picha, akitazama kushoto anakumbuka. Richard Wiseman na wenzake walilipima mwaka 2012 kwa njia tatu, ikiwemo kutazama video za watu waliojitokeza hadharani kuomba jamaa zao waliopotea watafutwe, ambao baadhi yao ilikuja kujulikana walikuwa wanadanganya. Macho hayakutofautisha mkweli na mwongo. Tunalisema kwa mkazo kwa sababu kuna ndoa zimeyumba mkoani kwetu kwa kosa la mume kutazama dari.

Na ile asilimia 93 ya mawasiliano kuwa ni mwili na sauti, maneno asilimia 7 tu?

Inatokana na majaribio ya Albert Mehrabian ya mwaka 1967. Yalihusu hali finyu sana: mtu akisema neno moja la hisia huku sauti au uso wake ukisema kinyume, msikilizaji ataamini kipi? Hayakuhusu mazungumzo yote. Kama maneno yangekuwa asilimia 7, ungetazama taarifa ya habari ya Kijapani ukaielewa karibu yote.

Mwanangu anachomwa sindano kila mwezi kwa ajili ya skizofrenia. Mkufunzi amesema dawa zinafunga akili, aache, atapangwa upya. Nifanye nini?

Mama, baba, usiache sindano. Kama tarehe imeshapita, mpeleke kesho, usisubiri kliniki ya mwezi ujao.

Kuna sababu watu hudanganyika hapa. Sindano ya mwezi hubaki mwilini kwa wiki kadhaa baada ya tarehe kupita. Kwa hiyo mgonjwa akiacha, mwanzoni haonekani kuharibika. Anaonekana amechangamka, kwa kuwa usingizi, uzito wa ulimi na mikono kutetemeka vinapungua. Familia inasema: tazama, amepona. Mkufunzi anapewa sifa, pengine na jogoo juu. Kisha inakuja wiki ya sita, au mwezi wa tatu: hasinzii usiku, anaongea na asiyeonekana, anasema mnamtilia sumu kwenye ugali. Wakati huo mkufunzi yuko mkoa mwingine na simu haipokelewi. Mgonjwa anayerudiwa na ugonjwa mara kwa mara huwa mgumu zaidi kutulia kuliko mwanzo, na wakati wa kuchanganyikiwa ndipo watu hupotea porini, hupigwa na wananchi au hufungwa kamba nyumbani.

Malalamiko kuhusu dawa ni ya kweli. Haloperidoli hukakamaza misuli na kutetemesha mikono. Nyingine huongeza uzito au kukausha mdomo. Hayo yanatibika: dozi hupunguzwa, dawa hubadilishwa, au huongezwa ya kutuliza madhara. Mweleze muuguzi kwa maneno ya wazi, kwa mfano: "Anashindwa kushika jembe," au "Anadondokwa mate." Asipokusikiliza, omba kuonana na daktari. Wahudumu wengine huandika "aendelee" bila kuinua kichwa, na hilo ni kosa letu sisi wa hospitali, ndilo linalowapa wauza semina wateja.

Vivyo hivyo kwa baipola, na kwa dawa za sonona: zinapunguzwa taratibu kwa usimamizi wa daktari. Dawa nyingi za sonona huchukua wiki mbili hadi sita kabla ya kuonyesha nguvu, hivyo aliyeacha siku ya kumi akisema "hazinisaidii" hajazijaribu bado. Na kama mwanao ana kifafa, huo ni ugonjwa wa ubongo wenye dawa zake. Kukatisha dawa ghafla kunaweza kuleta degedege lisilokoma na kifo.

Mjomba ndiye msemaji wa ukoo na anataka tuanze kwa mganga. Wengine wanataka NLP. Mimi nataka hospitali.

Usimtangazie mjomba vita, utashindwa, na mgonjwa ndiye atakayelipa. Mwombe kitu kimoja: dawa za hospitali zisikatishwe, mengine yaende sambamba. Wazee wengi wanakubali wakiombwa hivyo, kwa heshima, na wakialikwa kuja kliniki wamsikie daktari kwa masikio yao. Mpe mjomba nafasi ya kuuliza maswali ya kwanza. Kuhusu mganga, mipaka ni miwili: asimfunge wala kumchapa mgonjwa, na asimnyweshe kitu ambacho hospitali haijaambiwa. Mipaka hiyohiyo inamhusu mkufunzi wa NLP, ukiondoa dawa za kunywa, ingawa siku hizi baadhi yao wanauza na virutubisho.

Je, ni uchawi au majini? Inapingana na dini?

Hakuna jini wala uchawi ndani yake. Shida ya NLP ni ushahidi, na ushahidi hauna msikiti wala kanisa.

Ana cheti kikubwa chenye muhuri wa dhahabu, kimeandikwa "bingwa". Si kinatosha?

Hakitoshi. Kwa kuwa jina halina mwenyewe, hakuna mtaala mmoja wala mtihani mmoja. Cheti kinaweza kupatikana kwa wiki chache, au kwa wikendi moja mtandaoni. Linganisha na njia ya hospitali. Daktari husoma miaka mitano, hufanya mwaka wa mafunzo kwa vitendo, na ubingwa wa magonjwa ya akili ni miaka mingine mitatu. Amesajiliwa na Baraza la Madaktari Tanganyika, na ukikosewa kuna pa kumshitaki. Mwanasaikolojia tiba hupitia chuo kikuu, Muhimbili wakiwa miongoni mwa wanaofundisha. Hata mganga wa tiba asili ana Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002. Kwa hiyo muulize mwenye muhuri wa dhahabu: nikiumia mikononi mwako, nikulalamikie kwa nani? Kisha nyamaza usikilize.

Semina ya kujiamini na kuuza bidhaa, nayo ni mbaya?

Kama huna ugonjwa, una pesa ya ziada na unapenda semina, nenda. Utajifunza kumtazama mteja usoni na kumwacha amalize kusema. Usikope tu.

Mshauri wangu ni mwanasaikolojia wa hospitali na ametaja NLP mara moja. Nimwache?

Usimwache kwa hilo. Wapo wataalamu waliosomea tiba nyingine ambao huazima mbinu moja mbili za mazungumzo. La kutazama ni kama ana mpango: amekwambia tatizo lako linaitwaje, mtakutana mara ngapi, mtajuaje kama unapata nafuu, na atafanya nini usipopata. Ukiwa na mashaka, mwulize. Mtaalamu mzuri haudhiki.

Kama si NLP, ni tiba gani ya mazungumzo inayoaminika? Au hizo ni za Wazungu tu?

Hapa jirani zetu wanatupa la kujivunia. Mwaka 2003 yalichapishwa matokeo ya jaribio la kusini mwa Uganda, vijiji vya Masaka na Rakai. Watu wenye sonona walikaa kwa vikundi mara moja kwa wiki, kwa wiki 16, wakiongozwa na watu wa kawaida wa kwao waliopewa mafunzo mafupi. Walizungumza mambo yaliyowaleta pale: msiba, ugomvi wa ndani, mabadiliko ya maisha, upweke. Vijiji vilivyopata vikundi vililinganishwa na vijiji ambavyo havikupata, na tofauti ilikuwa kubwa.

Zimbabwe, daktari wa akili Dixon Chibanda aliwafunza akina bibi wahudumu wa afya kukaa na wagonjwa kwenye benchi nje ya kliniki na kuwasaidia kuchagua tatizo moja, kulipangia hatua, na kurudi kusema imekuwaje. Matokeo ya jaribio lao yalichapishwa mwaka 2016: waliokaa na bibi baada ya miezi sita walikuwa na dalili chache kuliko waliopata huduma ya kawaida iliyoongezwa maelezo. Bibi hao hawakuwa na muhuri wa dhahabu. Walikuwa na mafunzo, msimamizi, na utaratibu uliopimwa.

Ya tatu ni tiba ya utambuzi na tabia, inayojulikana kwa herufi CBT. Inakufundisha kukamata wazo linalokuangusha ("mimi ni mzigo, bora nisiwepo"), kulipima kama jambo la kuthibitishwa, na kurudi kidogokidogo kwenye shughuli ulizoziacha. Ina tafiti nyingi kuliko tiba nyingine ya mazungumzo. Haina miujiza, ina kazi za nyumbani, na wengi hukerwa nazo.

Tuseme ukweli: wataalamu wa tiba hizi ni wachache kusini. Ukimkosa mwanasaikolojia, muuguzi wa afya ya akili mwenye muda wa kukusikiliza ni mwanzo mzuri.

Tuanzie wapi, sisi tulio Mtwara na Lindi?

Anza zahanati au kituo cha afya cha karibu, upewe rufaa. Kila halmashauri inatakiwa kuwa na mratibu wa afya ya akili. Muulize kwa cheo chake hospitali ya wilaya, watu wengi hawajui kama yupo. Kwa mkoa, Mtwara ni Hospitali ya Rufaa ya Ligula, na Lindi ni Hospitali ya Rufaa ya Sokoine. Ipo pia Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini pale Mitengo, Mtwara. Wa Masasi na maeneo ya jirani wanaifahamu Ndanda, na wa upande wa Lindi Nyangao, zote za misheni. Hali ikizidi uwezo wa huku, rufaa huenda Muhimbili au Mirembe, Dodoma.

Kabla ya kusafiri, piga simu uulize siku ya kliniki ya akili. Kutoka Liwale au Nanyumbu kufika siku isiyo yake ni nauli iliyopotea. Beba vifungashio vya dawa zote alizowahi kutumia, hata za mganga na hata virutubisho vya semina. Asiyeweza kulipia apite dirisha la ustawi wa jamii aulizie msamaha kabla ya kuamua kurudi nyumbani.

Ndugu yangu amesema anataka kujiua. Mkufunzi anasema atamhudumia kwa simu.

Hapana. Asiachwe peke yake, hata chooni awepo mtu karibu. Ondoeni dawa za kupulizia mikorosho, sumu ya panya, kamba na panga. Muulizeni wazi kama ana mpango. Kuuliza hakumpandikizii wazo. Kisha hospitali leo hii, usiku au mchana. Kwa mtoto, namba 116 ya huduma ya simu kwa mtoto hupigwa bure.

Nimeshalipa nusu. Naweza kudai pesa yangu?

Jaribu. Tunza ujumbe wa malipo wa simu, tangazo lenyewe, na meseji zote alizoahidi kuponya. Usizifute kwa hasira. Andika kwa maandishi kwamba unasitisha na unataka kurejeshewa, mpe tarehe. Akikataa, anza kwa mtendaji wa kata. Kama aliahidi kutibu ugonjwa na hana usajili wowote wa kutibu, mpelekee habari hiyo mganga mkuu wa wilaya pia, pamoja na tangazo. Nusu iliyobaki usilipe, hata akikupunguzia.